Kuuza Nyumba ya Malindi Ukapange Karibu na Kazi, au Kubaki Nayo: Ulinganisho wa Njia Tatu

Wako wakazi wa Malindi, mji wa pwani ya Kenya, wasiofanya kazi Malindi. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, makao makuu ya Kaunti ya Kilifi yamekuwa mjini Kilifi, umbali wa kilomita 60 hivi kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Pwani nacho kiko huko huko, na bandari, viwanda na hospitali kubwa ziko Mombasa, kilomita 120 hivi kusini. Mtu mwenye nyumba yake katika mitaa ya Malindi kama Maweni, Barani au Muyeye, ambaye kila siku ya kazi humkuta barabarani, hufika mahali akajiuliza kama si afadhali auze nyumba, apange karibu na afisi, na fedha zitakazobaki azifanyie jambo la maana.

Swali hilo linastahili kutulizwa kidogo kabla ya kujibiwa, kwa sababu limebeba maamuzi mawili yanayoweza kutenganishwa. Kuhama ni uamuzi mmoja, na kuuza ni mwingine. Mtu anaweza kuhama bila kuuza, na anaweza pia kutofanya lolote kati ya hayo akabadilisha tu namna anavyosafiri. Kwa hiyo njia zinazolinganishwa hapa ni tatu: kuuza na kupanga karibu na kazi, kuipangisha nyumba yako na wewe ukapange huko, na kubaki kwako ukaendelea kusafiri.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni haki uliyo nayo juu ya nyumba, yaani una kitu gani hasa mkononi cha kuuza au kupangisha. Cha pili ni fedha, na hapa hatusemi bei na kodi peke yake, bali ushuru, gharama, na kile kitakachokuwa kimebaki baada ya miaka kumi. Cha tatu ni muda na mwili. Cha nne ni familia: shule na madrasa za watoto, wazee wanaokutegemea, na majirani wanaokujua. Cha tano ni njia ya kurudi, kwa maana kwamba kazi ikiisha au afya ikipungua, utakuwa na pa kurejea.

Kigezo cha kwanza kinahitaji kuangaliwa kabla ya njia yoyote kuzungumzwa, kwa sababu Pwani yetu ina historia yake ya ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliomiliki ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao yasajiliwe. Ardhi ambayo haikudaiwa, iwe ni kwa kutojua au kwa kukosa uwezo, ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na nyingine ikaangukia mikononi mwa watu wachache. Matokeo yake yangalipo. Wako watu wengi mjini wanaomiliki nyumba waliyoijenga kwa jasho lao huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine, ambaye humlipa kodi ya kiwanja. Hii ndiyo nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba ya namna hiyo akiulizwa karatasi, hutoa mfuko wa plastiki uliojaa risiti za kodi ya kiwanja, nyingine za mkono wa marehemu baba yake na wino umefifia, pamoja na barua ya makubaliano iliyoshuhudiwa na mzee wa mtaa. Karatasi hizo zina thamani na isitupwe hata moja, lakini si hati miliki.

Wako pia wenye hati iliyo bado katika jina la marehemu. Nyumba hiyo si ya mtoto mkubwa anayeishi ndani yake. Ni ya warithi wote. Kwa familia za Kiislamu, mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na mabinti wana mafungu yao, hata kama wameolewa wakahamia Lamu au Mombasa. Mpaka mirathi ipite Mahakama ya Kadhi, au mahakama nyingine kwa wasio Waislamu, hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuuza. Na nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi kama mali ya mtu. Anayeishi ndani yake abaki na njia ya pili na ya tatu tu, na hata ya pili aiulizie kwa msimamizi wa wakfu kwanza.

Njia ya kwanza: kuuza na kupanga karibu na kazi

Kwa upande wa haki, mwenye hati safi katika jina lake ana njia iliyonyooka. Makubaliano ya kuuza lazima yawe ya maandishi, yenye saini za pande zote mbili na mashahidi. Mnunuzi hufanya upekuzi katika usajili wa ardhi, muuzaji hutoa cheti cha kuonyesha kuwa hadaiwi ada za kaunti, na kwa desturi malipo ya awali huwa asilimia 10, salio likalipwa ndani ya siku 90. Ikiwa nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mume au mke inahitajika, na mauzo yaliyofanywa kwa siri huweza kubatilishwa. Nyumba iliyo juu ya ardhi ya kilimo nje ya mji huhitaji pia ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Mwenye nyumba bila ardhi naye anaweza kuuza, lakini anachouza ni jengo pekee. Mnunuzi hawezi kukopa benki kwa dhamana ya jengo lisilo na hati, kwa hiyo lazima awe na fedha taslimu, na wenye fedha taslimu ni wachache na wanajua hivyo. Mwenye kiwanja lazima ahusishwe, na mara nyingi hutaka chake. Bei hushuka ipasavyo.

Fedha ndizo zinazowavutia wengi kwenye njia hii, na ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Faida inayotokana na kuuza nyumba au ardhi hutozwa ushuru wa asilimia 15, kiwango kilichoanza Januari 2023 baada ya miaka mingi ya asilimia 5. Hata hivyo, sheria ya ushuru wa mapato humsamehe anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia mauzo. Kwa anayeishi kwake leo, msamaha huo si kitu kidogo: nyumba iliyogharimu milioni 2 na kuuzwa milioni 5 ina faida ya milioni 3 kabla ya kutoa gharama zinazoruhusiwa, na asilimia 15 yake ni shilingi 450,000. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, hulipwa na mnunuzi, ingawa mnunuzi makini huwa ameshauhesabu katika bei anayokutajia.

Sasa chukua mfano. Umebaki na milioni 4 baada ya kumlipa wakili na dalali, na umepanga Kilifi nyumba ya shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Fedha hizo zikikaa tu na kodi isipande hata senti, zitalipa kodi kwa miaka 16 na ushei. Kodi ikipanda asilimia 5 kila mwaka, zitaisha baada ya miaka 12 hivi. Mtu wa miaka 35 atakuwa hajafika 50, hana nyumba na hana fedha. Hesabu hii hubadilika kabisa fedha zikiwekwa zinapozalisha. Hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, huanzia shilingi 50,000, na kwa anayejiepusha na riba ziko akaunti za mudharaba, yaani za kugawana faida, katika benki zinazofuata sharia, au kununua kiwanja chenye hati. Ninachosisitiza ni kwamba mahali pa kuziweka pajulikane kabla hazijaingia. Mali bila daftari huisha bila habari, na milioni nne za nyumba zimekwisha kuwa harusi mbili, pikipiki tatu na mikopo ya jamaa katika nyumba nyingi ambazo majirani zao wanazijua.

Kwa muda na mwili, njia hii haina mshindani isipokuwa ya pili, kwa kuwa zote mbili hukuweka karibu na kazi. Kwa familia, inategemea umri wa watoto na kama wazee wanakubali kuhama nanyi; kuna mama ambaye hawezi kuondolewa karibu na msikiti wake, daktari wake wa sukari na makaburi ya watu wake, na kuiuza nyumba anamoishi ni kumwachia deni asilolikopa. Njia ya kurudi ndiyo dhaifu kuliko zote, maana viwanja vya Malindi vimepanda bei kwa miaka mingi na anayetoka sokoni huona tabu kuingia tena.

Inamfaa mwenye hati safi, mwenye kazi ya kudumu huko aendako, asiyekusudia kurudi, na mwenye mpango wa fedha ulioandikwa. Inamfaa pia mwenye nyumba inayohitaji ukarabati asioumudu, kwa sababu chumvi ya bahari na mchwa havingoji mshahara.

Njia ya pili: kuipangisha yako, ukapange huko

Haki inayohitajika hapa ni nyepesi zaidi. Kupangisha hakudai uhamisho wa hati. Mwenye nyumba bila ardhi asome upya makubaliano yake na mwenye kiwanja, aendelee kulipa kodi ya kiwanja bila kukosa, na ahakikishe risiti zinatoka kwa jina lake wala si la mpangaji. Nyumba ya mirathi inapopangishwa, kodi ni ya warithi wote kwa mafungu yao, hivyo ni bora mambo yaandikwe tangu mwezi wa kwanza kuliko kuja kuulizana baadaye mbele ya wazee.

Umbo la nyumba zetu linaisaidia njia hii. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, choo na tangi la maji. Nyumba hiyo hupangishwa chumba kwa chumba. Mwenyewe anaweza kujibakishia chumba cha mbele, akakifunga kwa kufuli na kuweka humo kitanda, sanduku la nyaraka na vyombo vya shughuli, na akija Ijumaa jioni ana pa kulala. Nyumba ya kisasa yenye mlango mmoja haigawanyiki hivyo, na humlazimu mwenyewe amtafute mpangaji mmoja mwenye uwezo. Nimeona familia zilizodumu na mji wao kwa miaka mingi kwa sababu ya chumba hicho kimoja, na nadhani faida yake haihesabiwi vya kutosha.

Kwa fedha, kodi ya nyumba ya kuishi hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyokusanywa, bila kupunguza gharama za ukarabati, pale jumla ya mwaka inapozidi shilingi 288,000 na haizidi milioni 15. Ushuru huo hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukikusanya 30,000 kwa mwezi, ushuru ni 2,250. Aliye chini ya kiwango hicho, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi, hatozwi kwa utaratibu huu, lakini kodi hiyo bado ni mapato ya kutajwa katika marejesho yake ya mwaka. Wapangaji wengi wa Malindi hutegemea hoteli na wageni, na mvua za masika zinapoingia mwezi wa Aprili hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa hadi Julai. Kodi nayo huchelewa. Anayeipanga bajeti yake ya Kilifi kwa kodi ya miezi 12 kamili atajikuta pungufu. Afadhali ahesabu miezi 9 au 10, na itakayozidi iwe ya mabati, rangi na fundi wa mabomba.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Msamaha wa ushuru niliouelezea juu unamtaka muuzaji awe ameishi katika nyumba yake miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuuza. Ukihama leo, ukapangisha miaka miwili kisha ukauza, msamaha huo umekwisha kukuponyoka na asilimia 15 ya faida inakuhusu. Kwa hiyo njia ya pili si mahali pa kungojea bei ipande huku ukijua moyoni kwamba utauza. Kama kuuza ni hakika, iuze ungali unaishi ndani.

Muda na mwili ni kama katika njia ya kwanza, ukiongeza safari za kuja kuangalia nyumba na simu za usiku kuhusu maji yaliyokatika. Familia hupata kitu cha katikati: watoto wanahama, lakini jina lenu mtaani halihami. Njia ya kurudi iko wazi, mradi mpangaji amepewa makubaliano ya maandishi yanayosema muda wa notisi.

Inamfaa mfanyakazi wa mkataba, mwalimu au afisa anayeweza kuhamishwa tena baada ya miaka michache, na yeyote ambaye nyumba yake ina warithi wengi au haina hati. Haimfai asiye na ndugu au jirani mwaminifu wa kuiangalia.

Njia ya tatu: kubaki kwako na kusafiri

Haki haiguswi hata kidogo, na hilo ni kubwa kwa wenye nyumba bila ardhi, kwa sababu kuishi humo siku zote na kulipa kodi ya kiwanja ndiyo nguvu yao kuu wakati wowote mgogoro unapozuka.

Fedha zinahesabika kwa urahisi. Chukua nauli yako halisi ya kwenda na kurudi, ongeza tuktuk au bodaboda za pande zote mbili, uzidishe kwa siku 22. Kwa mfano, shilingi 250 kwa kwenda Kilifi ni 500 kwa siku na 11,000 kwa mwezi. Shilingi 500 kwa kwenda Mombasa ni 22,000 kwa mwezi. Nauli za Mombasa, basi, hukaribia kodi ya nyumba ndogo, ilhali za Kilifi mara nyingi huwa chini ya kodi ya nyumba ya familia. Watu wa Kilifi na watu wa Mombasa wasipeane ushauri mmoja.

Muda ndio unaotenganisha zaidi. Matatu ya Kilifi, barabara ikiwa tulivu, huchukua kama saa moja kupitia Gede, Matsangoni na Tezo, na kwa mwezi hizo ni saa 44 za barabarani. Anayekwenda Mombasa huvuka daraja la Kilifi, hupita Vipingo na Kikambala, kisha hukutana na msongamano wa Mtwapa ambao hauna saa maalumu. Saa mbili na nusu kila upande ni kawaida, na kwa mwezi zinafika 110. Huyo huamka kabla ya adhana ya alfajiri na hurudi baada ya isha, watoto wakiwa wamelala safari zote mbili. Mwili hustahimili hayo kwa miezi. Kwa miaka, mgongo na shinikizo la damu huanza kudai haki yao. Ninaamini kwamba safari ya Mombasa ya kila siku si mpango wa maisha kwa mtu yeyote mwenye watoto wadogo.

Ipo namna ya kati: kupanga chumba kimoja karibu na kazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, familia ikabaki Malindi. Hugharimu kodi ndogo na nauli za mara moja kwa wiki, na huokoa usingizi. Lakini humwachia mwenzi aliyebaki mzigo wote wa nyumba siku tano kwa wiki, na hilo lizungumzwe na kukubaliwa naye kabla ya dipoziti kulipwa.

Inamfaa anayefanya kazi Kilifi au Watamu, mwenye wazee wa kuwatunza, mwenye watoto walio karibu na mitihani, au mwenye kazi ambayo bado iko katika kipindi cha majaribio.

Mwongozo kwa hali yako

Ikiwa hati iko katika jina la marehemu, acha kwanza mazungumzo ya kuuza. Anza mirathi, na wakati inaendelea chagua kati ya kupangisha na kusafiri, kwa makubaliano ya maandishi na warithi wenzako. Hata kama hatimaye mtauza, mtakuwa mnauza kitu ambacho wakili wa mnunuzi hatakikataa.

Ikiwa una nyumba bila ardhi na mwenye kiwanja yuko tayari kukuuzia kiwanja hicho, fanya hesabu ya ununuzi huo kabla ya hesabu ya kuuza jengo. Tofauti ya bei kati ya jengo peke yake na nyumba yenye hati huweza kuwa kubwa kuliko gharama ya kiwanja.

Ikiwa kazi iko Kilifi na nyumba yako ni nzima, jaribu kusafiri kwa msimu mzima, wa jua na wa mvua, ukiandika gharama zote, kabla ya kuamua lolote lisilorudi. Ikiwa iko Mombasa na ni ya kudumu, kuhama kuna uzito zaidi. Kinachobaki ni kama utapangisha au utauza, na hapo jiulize kwa uaminifu kama unakusudia kuzeekea Malindi.

Ikiwa unahitaji fedha nyingi kwa jambo lisilongoja, kama matibabu au deni lenye dhamana ya nyumba hiyo hiyo, kuuza kwa hiari na kwa utaratibu ni bora kuliko kungoja mnada.

Na ikiwa umeshaamua kuuza, usiwahamishe watoto shule wala usilipe dipoziti ya nyumba ya Kilifi kwa kutegemea asilimia 10 ya mwanzo. Zile siku 90 hurefuka kwa cheti kimoja kilichochelewa. Weka katika makubaliano kwamba utakabidhi funguo salio likishaingia katika akaunti ya wakili wako, ujiachie na mwezi mmoja wa kuhama.